Kosa la Memori Nililomwachia Salvatori

Keza, Alhamisi, baada ya mvua.

Mvua imenyesha tangu alfajiri, imekatika saa nane, na sasa ukungu unapanda kutoka bondeni kama moshi wa jiko lenye kuni mbichi. Nina furaha isiyolingana na hali yangu. Miguu imevimba, pumzi ni fupi, na ngazi tatu za baraza hili zimegeuka kuwa mlima. Lakini moyo, ule ambao daktari anasema umechoka, leo unadunda vizuri kuliko jana.

Nianze na nilichokificha, ili hata nikisinzia katikati ya maandishi haya kiwe kimeshasemwa.

Kosa lililoisimamisha ile mashine lilikuwa langu. Halikuwa la Salvatori.

Ninyi mnaosoma blogu hii (mko wachache, na nusu yenu ni wapwa zangu) mnajua kwamba zamani nilikuwa mhandisi wa kompyuta Ulaya, katika mji mmoja wa mvua, kwenye kampuni ndogo ambayo imeshakufa. Nimejisifu humu mara nyingi. Msichokijua ni kwa nini rafiki yangu Salvatori, mwalimu mstaafu wa hesabu anayekaa Kabanga, hagusi kompyuta wala simu ya kupapasa. Yeye mwenyewe alidhani anajua sababu, mpaka leo mchana.

Miezi miwili iliyopita daktari aliongea na binti yangu Ansila kwenye korido, kwa sauti ya chini. Masikio ndiyo kiungo changu pekee kilichobaki kizima, nikasikia yote. Mwaka hatoumaliza, alisema. Ansila akarudi anatabasamu, akaniambia dawa zitabadilishwa kidogo. Nikamshukuru. Tangu siku hiyo tunadanganyana kwa heshima.

Kufa hakunitishi sana. Nina miaka themanini na moja, nimewazika wengi wadogo kuliko mimi, na chakula changu kizuri nimeshakila.

Kilichonitisha ni Alhamisi.

Kila Alhamisi Salvatori hupanda pikipiki kutoka Kabanga, anafika hapa matope yakiwa mpaka magotini, na parachichi mbili mfukoni mwa koti. Tumefanya hivi kwa zaidi ya miaka ishirini. Nikimwambia ukweli huenda asirudi, na Alhamisi zilizobaki kwangu si nyingi. Nilizitaka zote. Ndivyo nilivyokuwa mchoyo.

Nilijaribu kwanza kuungama kwa paroko. Alinisikiliza kwa subira, nikamweleza prosesa, nikamweleza memori, nikamweleza zamu, mpaka watu waliokuwa wakisubiri kwenye benchi wakaanza kukohoa. Mwishoni akasema dhambi ameielewa ila mashine hakuielewa, na kwamba kitubio cha kwanza ni kwenda kumwambia mwenyewe. Nilitoka kanisani nimekasirika kidogo. Nilikuwa nimetegemea rozari.

Basi niwaeleze na ninyi. Nitajitahidi kuwa mfupi kuliko siku ile.

Wakati ule kompyuta kubwa ilikuwa na prosesa moja, yaani kichwa kimoja kinachofanya hesabu zote. Sisi tulitaka kutengeneza mashine yenye vichwa kumi na sita vinavyofanya kazi moja kwa pamoja. Vichwa kuvipata ilikuwa rahisi, vinanunuliwa. Tabu ilikuwa memori, pale ambapo hesabu huwekwa na kuchukuliwa. Wengine walisema kila prosesa ipewe memori yake na zitumiane ujumbe. Sisi tukasema hapana, memori iwe moja, wote wasome humo na waandike humo, kwa sababu mtu anayeandika programu hupata raha akijua kila kitu kiko mahali pamoja.

Lakini mlango wa memori ni mmoja. Prosesa mbili zikitaka kuingia kwa nukta ileile, lazima kitu fulani kiamue nani atangulie. Kitu hicho ni saketi ndogo, mpangilio wa nyaya za umeme. Tuliiita saketi ya zamu, na kazi ya kuibuni nilipewa mimi.

Niliibuni kama mtu wa kwetu.

Huku, chungu cha pombe ya ndizi kikiwekwa kati na mirija ikatolewa, mrija wa kwanza ni wa mkubwa. Hakuna anayejadili. Baada yake yule anayemfuata kwa umri, halafu anayefuata, mpaka vijana. Nimekulia hapo. Nilipokaa kwenye meza yangu Ulaya na karatasi nyeupe, nikaulizwa nani atangulie, sikufikiri hata dakika tano. Nikazipa prosesa namba, moja hadi kumi na sita. Namba moja ni mkubwa. Akigonga yeye na mwingine, anaingia yeye. Wakigonga watano, anaingia mwenye namba ndogo. Saketi ikawa fupi, nyepesi, ya kasi. Mkuu wa mradi, mtu mrefu mwenye kikohozi, aliisifu mbele ya wote. Nilitembea siku nzima kama bwana harusi.

Jambo moja sikuliwaza. Mzee wa kwetu hunywa, hutosheka, huegemea nyuma, na chungu hubaki. Prosesa haitosheki. Ikishapata inarudi palepale kuomba tena. Kazi ikiwa nyingi, wakubwa huzunguka mlangoni peke yao, na mdogo aliye mwisho anabaki amenyoosha mkono tu.

Salvatori alikuwa upande wa pili wa kazi, upande wa programu. Yeye ni Mrundi, mimi ni Mhangaza, na lugha hizi mbili ni kama nyumba mbili zenye ua mmoja. Siku ya kwanza nilimsikia akinung'unika peke yake kwenye foleni ya chakula kwamba viazi vya wazungu havina chumvi, nikamjibu kwa Kihangaza kwamba na nyama yao ni hivyohivyo. Akageuka kama ameguswa na umeme. Tangu hapo hatukuachana. Tuliweza kumsengenya mkuu wa mradi akiwa amesimama katikati yetu, naye akadhani tunajadili kazi.

Alikuwa mwandishi wa programu hodari kuliko wote pale. Nasema hivi kwa sababu haijapata kuandikwa popote.

Programu yake iligawa hesabu kubwa kwa prosesa zote kumi na sita. Ndani ya memori kulikuwa na orodha moja ambayo kila prosesa ilitakiwa kuandika jibu lake, na ili wawili wasiandike kwa pamoja na kuharibu, aliweka kitu kama ufunguo. Anayetaka kuandika anachukua ufunguo, anaandika, anaurudisha. Ambaye hajaupata anauliza memori tena na tena, ufunguo umerudi? umerudi? Kila mtu wa fani yetu angefanya vivyo hivyo.

Fikirini choo cha nje chenye ufunguo mmoja. Aliye ndani ni kijana, ameshamaliza, anataka kutoka autoe ufunguo. Lakini wazee kumi wamejazana mlangoni, kila mmoja anauliza kama pamepatikana nafasi, na kwa mila yetu kijana hawezi kupita mbele ya wazee. Kwa hiyo hatoki. Na kwa kuwa hatoki, wazee wanaendelea kuuliza.

Hivyo ndivyo mashine yetu ilivyoganda. Si kila siku. Ni pale tu ufunguo ulipoangukia mkononi mwa namba kumi na tano au kumi na sita huku wakubwa wakiwa wengi mlangoni. Tuliijaribu wiki nzima ikakimbia vizuri. Ikaganda siku ya maonyesho, mbele ya wageni waliokuja kuangalia kama wataweka fedha.

Taa zikaendelea kuwaka, feni zikaendelea kuvuma, jibu halikuja. Wageni wakanywa kahawa. Wakanywa tena. Wakaaga.

Saketi yangu ilikuwa imesifiwa na programu ya Salvatori ilikuwa mpya, basi kila mtu akatazama upande wa programu. Mkuu wa mradi alisema, "Programu imelala." Neno hilo lilimganda Salvatori kama jina la ubatizo. Aliondolewa kazini. Kwa mgeni wa nchi, tena katika fani ambayo watu wanajuana wote, kuondolewa namna ile ni kufungiwa milango ya mji mzima.

Mimi nilibaki. Siku moja mchana, wenzangu wakiwa wamekwenda kula, niliunganisha oskiloskopu, ile mashine inayoonyesha umeme ukipanda na kushuka kwenye kioo, kwenye nyaya za saketi ya zamu. Waya wa namba kumi na sita ulikuwa umepanda juu na kubaki juu. Ulikuwa kama mwanafunzi aliyenyoosha kidole darasani kipindi kizima na mwalimu hamwoni.

Nikajua.

Toleo la pili nililibuni kwa njia nyingine: aliyekwisha kupata anakwenda mwisho wa mstari, awe mkubwa awe mdogo. Nyaya chache tu zilibadilika. Nikaliita uboreshaji. Nikapongezwa kwa uboreshaji.

Salvatori alibeba mizigo ghalani miaka miwili, akarudi kwao, akaoa, akafundisha. Vurugu zilipoanza akavuka mpaka na mkewe na binti yake mdogo Joziane, wakiwa na sufuria moja na cheti chake cha hesabu. Akaishia shule ya sekondari upande huu. Mimi nilirudi nyumbani baadaye, mtu mzima mwenye pensheni na picha za ukutani, nikamkuta stendi ya Kabanga akibishana na kondakta kuhusu umbali wa kilomita. Tulikumbatiana mpaka watu wakatupisha.

Na tangu siku hiyo, kila penye watu wawili, yeye mwenyewe husimulia kwa kicheko habari ya programu yake iliyolala mbele ya wageni. Anaisimulia vizuri. Anaigiza hata feni. Watu huvunjika mbavu.

Mimi nacheka pamoja nao. Nimecheka kwa zaidi ya miaka ishirini.

Sasa ya leo.

Alifika saa nne, mvua ikiwa juu yake, amejifunika nailoni ya kuanikia maharage. Ansila akampokea mlangoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Huyu kijana bado yupo?"

Kijana ni mimi. Salvatori amenizidi miezi minane na hajawahi kuisahau.

"Yupo, baba. Amekataa uji."

"Amekataa uji kwa sababu amesikia nakuja na parachichi. Ni mtoto mjanja huyu tangu Ulaya."

Alikaa, akavua viatu, akayalaani matope ya Keza akiyalinganisha na ya Kabanga ambayo, alisema, ni matope yenye adabu. Ansila akaleta kibuyu kidogo cha pombe ya ndizi na mirija miwili. Daktari amenikataza. Ansila ameamua kwamba mvuto mmoja kwa wiki si pombe, ni mazungumzo.

"Mrija wa kwanza ni wangu," Salvatori alisema. "Miezi minane si mchezo."

Akavuta, akafumba macho, akavuta tena. Nilimtazama na nikajua kwamba nikisubiri amalize nitasubiri mpaka wiki ijayo, kama nilivyofanya wiki zote.

"Salvatori. Programu yako haikulala."

"Ipi?"

"Ya maonyesho."

Alifungua jicho moja. "Ansila, mpe baba yako uji. Ameanza kuota akiwa macho."

"Ni saketi yangu ya zamu. Ndiyo iliyoizuia. Programu ilikuwa nzima."

Aliuweka mrija chini. Mvua ilikuwa ikipiga bati kwa nguvu, nikadhani hakusikia, nikataka kurudia, naye akainua kiganja kunizuia. Alisikia.

"Chora," alisema.

Sikuwa na karatasi kubwa. Ansila akanipa kalenda ya parokia, nikageuza mwezi uliopita, nikachora nyuma yake visanduku kumi na sita na mlango mmoja. Mistari ikatoka kama njia za kwenda mtoni. Salvatori alivaa miwani na kuinama juu ya karatasi ile kama anasahihisha mtihani.

"Huyu namba sita mbona hana mshale?"

"Nimemsahau."

"Mshale una alama zake. Weka."

Nikaweka.

"Kwa hiyo huyu wa mwisho ana ufunguo mkononi."

"Ndiyo."

"Na hawa wakubwa wanauliza ufunguo uko wapi."

"Ndiyo."

"Na kwa kuwa wanauliza, hawezi kuurudisha."

"Ndiyo."

Alipitisha kidole kwenye mishale yote mpaka mlangoni. Halafu kicheko kikamtoka kutoka tumboni, kikamtingisha mabega, kikamtoa machozi, akapiga meza, kibuyu kikayumba. Ansila alikuja mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi, uso umembadilika.

"Nilidhani..."

"Bado," nikamwambia.

"Kwa mila za pombe," Salvatori alisema akijipangusa. "Umeleta mila za pombe kwenye mashine ya wazungu. Na wakakupongeza."

"Walinipongeza sana."

"Ego," alisema, yaani ndiyo kwa Kirundi. "Wangejua ni chungu cha Keza."

Ningependa kuandika kwamba iliishia kwenye kicheko. Haikuishia hapo. Alivua miwani, akaishika muda mrefu bila kuifuta.

"Joziane alitaka kusoma kompyuta," alisema. "Alikuwa na alama. Walimu walikuja nyumbani kuniomba. Nikamkatalia. Nilimwambia mkono wa familia hii hauna bahati na mashine, asije akaaibika kama mimi. Sasa anauza vitenge Kabanga."

"Anauza vizuri," nilisema, na kabla sijamaliza nilijua ni jibu la kijinga.

"Nyamaza. Wewe ni mshtakiwa."

Nikairudisha kalamu mezani. Mvua ilikuwa imepungua. Kuku walitoka chini ya ghala kukagua uharibifu.

Halafu akauliza.

"Ulijua lini?"

"Baadaye," nilisema. "Ulikuwa umeshaondoka."

Alitikisa kichwa polepole. "Ungeniandikia."

"Ningeandika wapi? Sikuwa na anwani yako."

"Kweli," alisema. "Hata mimi sikuwa nayo."

Akatoa kiswaswadu chake mfukoni, simu ya vitufe iliyofungwa raba, akampigia mkewe na kuongea kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto.

"Mama Joziane! Ile programu haikuwa na kosa!"

Nilisikia sauti ya mama kutoka pale nilipokaa. "Programu gani?"

"Ile."

Sufuria ikasikika ikiwekwa chini. Halafu mama akasema, "Nilikuambia." Halafu akasema, "Umekula?"

Akakata simu akitabasamu, akachukua kalamu yangu, na chini ya mchoro, nyuma ya kalenda ya parokia, akaandika jina lake kamili na pembeni yake mia kwa mia, akaizungushia duara kama walimu wafanyavyo. Chini yake akaandika jina langu. Akafikiri. Akanipa arobaini na mbili.

"Ni kwa ajili ya mchoro," alisema. "Mwandiko umeharibika."

Kabla hajaondoka aliniomba nimwonyeshe kompyuta hii ninayoandikia. Hakuigusa mara moja. Aliizunguka kwanza kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Kisha akanyoosha kidole kimoja na kuandika SALVATORI, herufi kwa herufi, na kila herufi ilipotokea kwenye kioo alinitazama kuhakikisha kwamba mashine haijalala.

"Alhamisi ijayo utanifundisha," alisema. "Na hii habari iandike huko unakoandikaga. Joziane ana simu kubwa, atanisomea. Andika yote, usiruke kitu. Nataka asikie kutoka kwako, si kwangu. Kwangu atadhani najitetea."

Nikamwahidi.

Akavaa viatu vyake vyenye matope, akamwita mwenye pikipiki aliyekuwa akimsubiri kwa jirani, akaondoka saa tisa kasoro akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya besi isiyokuwa yake. Ansila alisimama barazani kumtazama mpaka alipopotea kwenye migomba.

"Baba yangu," akaniambia, "leo umepona?"

Nikamwambia karibu nipone.

Ni hilo "karibu" lililoniweka hapa tangu saa tisa, blanketi mabegani, uji wa pili umepoa kando yangu. Ansila ameshapita mara tatu akijifanya anatafuta ufagio. Nimeyasoma yote niliyoandika kuanzia juu. Ni masimulizi mazuri. Mtu akiyasoma ataona wazee wawili wanacheka, na kosa la zamani lililotokana na mila nzuri, na msamaha. Ningeweza kubonyeza kitufe sasa nikalale. Salvatori ananisamehe kosa la saketi, na kosa la saketi ni jepesi kulisamehe, kwa sababu lilifanywa na kijana asiyejua.

Lakini aliniambia nisiruke kitu.

Nimejaribu kujishawishi kwamba haina maana tena. Kwamba ana furaha, kwamba mwaka huu sitaumaliza, kwamba Joziane hawezi kurudishwa darasani kwa sentensi mbili. Yote hayo ni kweli. Nimegundua leo kwamba naweza kuwa na sababu nyingi za kweli na bado nikawa mwongo.

Sijui kama Alhamisi ijayo atakuja. Nitamwambia Ansila atoe viti viwili kama kawaida, na mirija miwili. Nikikaa peke yangu, nitakaa. Bado nitakuwa na mandhari haya, na kuku, na binti anayenidanganya kwa upendo. Cha ajabu, furaha niliyoanza nayo haijaondoka. Imekaa tu kando kidogo, inanisubiri nimalize.

Joziane, ukifika hapa, msomee baba yako polepole.

Salvatori, maonyesho yaliharibika Jumatatu. Oskiloskopu niliiunganisha Jumanne mchana, na Jumanne mchana nikaona. Barua yako ya kuondolewa ilisainiwa Ijumaa jioni. Jumatano, Alhamisi na Ijumaa tulikula meza moja, mimi na wewe, na kila siku uliniuliza kwa Kirundi, ili wengine wasisikie, kama nimeona kosa lolote upande wangu. Na kila siku nilikujibu kwamba sijaona.